Masikio ya Ng'ombe wa Shangazi Fausta

Leo asubuhi nilikuwa nampaka shangazi Fausta mafuta miguuni, maana picha yake ilikuwa inaonyeshwa ukumbi wa parokia Katesh na yeye alitaka kwenda hivyo hivyo, miguu imepauka. Baba alishaondoka kwenda mnadani Basotu. Alisema tu, "Picha za vichaa? Msinitie aibu."

Shangazi anachomwa sindano kila mwezi. Pale kliniki Sista Imakulata huwa anawapa wagonjwa mkaa, majivu na udongo mwekundu, wachore kinachowasumbua. Anasema kichwa kinatulia.

Mimi mbele za watu huwa siongei. Pale ukumbini nilisimama nyuma ya shangazi nimemshika kanga.

Alichora kwenye magunia yaliyoshonwa pamoja, yamejaa ukuta mzima. Ng'ombe sita wametoa meno kama watu, masikio mafupi mafupi. Chini yao kumetapakaa vitu vyekundu, vikubwa kuliko vichwa vyao.

"Hivi ni nini, ndala?" mama mmoja akauliza.

"Eti ng'ombe wa siku hizi wanavaa ndala!" mwingine akadakia. Watu wakacheka. Shangazi naye akacheka.

Mzee Bonaventura, jirani yetu, hakucheka. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa gunia.

"Haya ni masikio," akasema. "Yamekatwa. Angalieni, kila moja lina pengo pembeni na tundu katikati. Hiyo ni alama ya Gidion."

Huku kwetu kila boma lina alama yake, ndama anakatwa sikio akiwa mdogo, na hakuna anayekosea alama ya jirani, labda sikio lenyewe liondolewe. Gidion alikuwa mume wa shangazi. Alipofariki, shangazi alirudi kwetu anaumwa, na ng'ombe wake sita. Baba alisema walikufa na ukame, shangazi akiwa hajitambui.

Nyumbani tunao ng'ombe sita wa masikio mafupi. Baba alituambia ni fisi. Fisi gani anang'ata masikio tu, ng'ombe wote, halafu anaenda zake? Nimewachunga kila likizo na sijawahi kujiuliza!

Na shangazi alishasema. Alikuwa anapiga kelele, "Masikio yanatoka damu!" Sisi tunamshika, baba anamfunga mikono, tunasema ugonjwa umepanda.

"Fausta," mzee akauliza taratibu, "nani aliyakata?"

Shangazi akaacha kucheka. "Si nilishawaambia, mkanifunga?"

Sista Imakulata alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Mzee akanigeukia. "Binti, mwambie baba yako kesho wazee tunakuja bomani kwake kuangalia hao ng'ombe. Kama ana la kusema, aseme leo."

Kumpigia sikuweza. Nikaandika kwa simu ya mama: "Shikamoo baba. Wazee wanakuja kesho kuangalia ng'ombe. Wale wa masikio mafupi ni wa shangazi? Niambie tu sio."

Zimetokea tiki mbili za bluu. Hajajibu mpaka sasa.