Vigong'ota wa Mti wa Avoka

Mzigo wangu ulikuwa tayari juu ya lori la Mwaba, na mimi nimeukalia, tunatoka Kamalondo kwenda Pweto. Hatukufika mbali. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo: kila mtu afagie, afyeke, azibue mifereji, na hakuna gari kupita mpaka kazi iishe. Mwaba akazima mashine, akasinzia kwenye usukani. Mimi nikarudi kunywa maji kwa Mama Honorine, aliyekuwa amenipangisha chumba.

Nikamkuta amesimama mbele ya cherehani yake, mikono kiunoni. Kasonde, mkubwa wa salongo kwenye barabara yetu, alikuwa na shoka. Alisema mti wa avoka, ule wa maparachichi, umeoza, utaangukia paa la jirani, lazima ukatwe leo. Mama Honorine alishonea chini ya mti ule. Ndani kulijaa watoto na vitanda, cherehani haikuwa na mahali. Mti ukianguka, kazi yake imeanguka nao.

"Citoyenne Mwansa," Kasonde akamwambia, yaani mwananchi Mwansa, maana majina ya kizungu kama Honorine yalikuwa yamekatazwa na serikali, "ndege banaitoboa kila siku. Tena iko namna mbili: moja kichwa nyekundu, moja kichwa nyeusi. Namna mbili, basi muti imeoza yote."

"Na weye, saa ya kazi uko unaangalia vichwa vya ndege?"

Watu wakacheka, hata yeye.

Mimi vigong'ota niliwazoea porini nilipokuwa nachoma makala, makaa ya kupikia, ila kuwatazama vizuri, hapana. Nikamwomba Kasonde tukae kidogo. Shoka lilikuwa limemchosha, akakaa.

Mmoja akaja na wadudu mdomoni, akajibandika kwenye tawi kavu la juu, mkia umeegemea gome kama mguu wa tatu. Ndege mdogo, mgongo wa madoa, kifua cha mistari, kisogo chekundu. Akafika kwenye tundu la tawi lilelile. Kabla hajaingia, mwenye kisogo cheusi akatoka, akampisha. Ndani vitoto vikalia. Baadaye yule mweusi akarudi na chakula chake, mwekundu akatoka.

"Bwana na bibi," Mama Honorine akasema. "Nyumba iko moja tu."

Kasonde akainua macho kwenye tundu. Nikamwonyesha wanakogonga: tawi lile kavu na vijiti vyake, ambako funza wamo. Shina hawakuligusa. Akasimama, akaligonga kwa mgongo wa shoka hapa na pale, likajibu kwa sauti nzito ya mti mzima. Akauliza wakubwa wake wakipita kukagua na kuona tawi kavu, atasema nini.

"Ngoja batoto baruke," Mama Honorine akasema. "Kisha utakata ile tawi. Ile tu. Ngazi nitashika mimi."

Kasonde akaweka shoka begani, akaenda kuzibua mfereji. Kazi ilipoisha, Mwaba akapiga honi, nikaondoka.

Vitoto viliruka kabla ya mvua. Kasonde alikata tawi, Mama Honorine akashika ngazi. Mti uliendelea kuzaa, naye alishonea chini yake mpaka macho yalipochoka, binti yake Régine akaichukua cherehani. Kasonde alihamia mtaa wa jirani uitwao Kenya, akatengeneza viti, akafa kwa ugonjwa wa kifua. Mwaba aliuza lori, akabaki Pweto kwenye biashara ya samaki wakavu. Wale vigong'ota walikwenda wapi, sijui. Mimi nilirudi mara moja tu, nikapanga chumba kilekile, nikaondoka tena.