Shingo ya Mpingo

Lori la Godwin lilikuwa limeshaiacha Masasi nyuma, yale majabali ya mji yakizidi kuwa madogo kwenye kioo, ndipo Zabroni alipokumbuka kwamba hajamuaga mtu. Hakujali. Mwanamume anayekwenda kutumikia ukweni na mvi kichwani haagwi, huchekwa. Magotini alipakata sufuria kuukuu za alumini, zote zimetoboka, na Godwin alimuuliza kama anakwenda kuoa au kupika.

"Vyote," alisema Zabroni.

"Basi anza na kupika. Kuoa kwa umri huo ni kubahatisha."

Kisa chenyewe ni hiki. Zabroni, fundi pikipiki, alimpenda Dominika, mjane wa Kitangari, wilayani Newala, ambaye watu walimwita Mama Huruma. Dominika naye hakumkataa. Lakini kule mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake, na mjomba, Mzee Bartholomayo, alitaka mkwe aonyeshe kazi kwanza, kama walivyofanya wazee. Wengine hupewa shamba la kupalilia. Zabroni alipewa pikipiki ya theluji, mbovu, aifufue.

Usiulize ilifikaje, nitakwambia. Marafiki wa kanisa wa ng'ambo waliuliza waumini wanahitaji chombo gani cha kuchotea maji bondeni, na kama huko kuna baridi. Mzee Bartholomayo, kwa kuwa ni mzee wa kanisa, akajibu kwa niaba ya wote: Newala kuna baridi kali, na njia zimejaa kitu laini kinachomeza magurudumu. Hakusema uongo. Baridi ya Newala kila mtu wa Newala humtambia nayo mtu wa Masasi. Na mchanga hakuutaja kwa jina, maana ni nani duniani asiyeujua mchanga? Ng'ambo wakasoma, wakaingiwa na huruma, wakatuma chombo kisicho na magurudumu: mbele mbao mbili za kutelezea, nyuma mkanda mpana wa mpira.

Nacho kikatembea, mchangani, kikivuta madumu ya maji. Kilitembea mpaka joto likakishinda. Injini iliyozaliwa ipozwe na theluji ilichemka kama sufuria ya mihogo, na ile shingo ya mpira inayounganisha kabureta na injini, inayopitisha hewa na petroli, ikayeyuka. Shingo nyingine haikupatikana Newala, wala Mtwara, wala popote penye mtu mwenye akili timamu. Ilibidi itengenezwe.

Zabroni alifanyia majaribio yake uani kwa Dominika, juu ya karai la kukaangia korosho. Kipande cha bomba la plastiki kililegea kama mlevi. Mpira wa tairi ulivumilia moto, lakini ulipolowekwa kwenye petroli ukavimba. Udongo wa mfinyanzi ulistahimili vyote viwili, ila alipoutikisa kama injini inavyotikisa, ukapasuka. Dominika, huku akibangua korosho, alimwambia asijisumbue, kinachokaa motoni kila siku bila kulalamika ni sufuria. Alikuwa anamtania, lakini wote wawili walijua ni kweli. Basi akaziyeyusha zile sufuria alizotoka nazo Masasi, akamimina kwenye umbo la mchanga, ikatoka shingo mbaya ya sura, nene, yenye vinundu. Akaiacha karaini mpaka mate yakiidondokea yanachemka. Haikubadilika kitu.

Hapo ndipo Mzee Bartholomayo alipoingia na kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Zabroni akainama kidogo.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mkwe. Nimekurahisishia."

Ilikuwa shingo ya mpingo, ameichonga mwenyewe. Nje wamepandana watu, bibi juu ya babu, mtoto juu ya bibi, wote wamekodoa macho. Mzee akaeleza kwamba mpingo ni mgumu kuliko chuma, moto wenyewe huuogopa, na tena chombo cha kanisa hakiwezi kutiwa masufuria ya watu.

Zabroni alijua. Mti, uwe mgumu namna gani, ukikaa karibu na injini utakauka, na ukikauka utapasuka. Lakini mkwe hambishii mjomba wa mke. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyotaka aonekane.

Dominika akaacha kubangua. "Itahimili?"

"Mzee ndiye anayejua," alisema Zabroni, akiangalia miguu yake.

Jumapili baada ya ibada, padri akaombea chombo, kwaya ikaimba, Mzee Bartholomayo akapanda. Kiliondoka vizuri. Walipofika kwenye mikorosho, bibi wa kwenye shingo akapasuka kipaji cha uso. Injini ikivuta hewa ya wizi kupitia ufa haisikii tena mkono wa dereva. Hujiendesha yenyewe, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyoungua. Mzee akaachia mkono wa mafuta ili kipunguze mwendo, chombo kikaongeza. Watu wakashangilia. Zabroni alikimbia nyuma akipiga kelele kwamba azime ufunguo, lakini Mzee hajawahi kupigiwa kelele na mkwe, hivyo hakufikiri kwamba anaambiwa yeye. Injini iliungua, ikakwama ghafla, na Mzee akaendelea peke yake mpaka kwenye mihogo.

Walimkuta amekaa, kifundo cha mguu kimeteguka, moyo umeridhika. Akatangaza mbele ya wote kwamba huyu ndiye mkwe, fundi mwingine yeyote angembishia. Akabariki ndoa hapo hapo, mihogoni.

Dominika alimsubiri Zabroni uani.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ilikuwa heshima, Mama Huruma."

"Heshima hiyo imempandisha mjomba wangu juu ya moto. Nami ukinioa, siku nyumba yetu inawaka, utanyamaza kwa kumheshimu nani?"

Zabroni akaiokota ile shingo ya sufuria. Akaiweka mbele yake, akaondoka.

Mzee Bartholomayo alipona mguu, na mpaka leo humwita Zabroni mkwe. Godwin amehamishia lori lake njia ya Tunduru. Chombo kipo nyuma ya kanisa. Mkanda wake umekatwa ukafanywa kandambili, na kuku hutagia chini ya kiti. Maji huchotwa kwa baiskeli. Dominika hakuolewa, anauza korosho za kukaanga Newala mjini. Zabroni alifanya kazi Nachingwea, kisha Liwale, na sasa hatujui yuko wapi.