Miezi ya Wamuyu

Mashavu binti Omar alijua siku imeharibika pale Mbogo, hedimani wa kijiji, alipomletea kiti.

Kwa miezi mitano mizima alikuwa akipanda kijiji hiki kila Jumanne na lori la hospitali, kuja kupima watoto wachanga, na kwa miezi yote hiyo Mbogo hakuwahi kumpa hata salamu ya maana. Leo kiti! Na si kiti peke yake, na chai pia, chai ya maziwa, kwenye kikombe chenye mkono. Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na tano, Hali ya Hatari imekolea, na watu wa huku juu karibu na msitu walikuwa wamezungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa, hata maji wanateka wakisimamiwa na bunduki. Sasa maziwa hayo ya chai yalitoka kwa ng'ombe wa nani? Mashavu alikiweka kikombe chini bila kukionja. Huyu ana jambo, akajisemea.

Hakuna aliyemwamini mwenzake kijijini pale, na Mashavu ndiye aliyeaminiwa kidogo kuliko wote. Alikuwa mtu wa Majengo, Embu mjini, mwana wa Omar mchinjaji, na ushungi wake kichwani. Tena kulikuwa na ile mizani. Ilikuwa mizani ya ndoano, ndugu moja na ile aliyopimia nyama baba yake, na siku ya kwanza tu mama mmoja akaitambua. Yakawa maneno! Kwamba serikali inawapima watoto kwa ratili, na kitu kikishapimwa kwa ratili kinakwenda wapi? Wiki mbili hakuletewa hata mtoto mmoja. Ikabidi ashone mfuko wa kitambaa cha maua wa kuwalalia, ndipo wakarudi, shingo upande.

Naye pia hakumwamini mtu. Ukiuliza mtoto amekula nini, unadanganywa. Ukiuliza baba yuko wapi, wanaangalia chini. Alishaona unga umefungwa ndani ya nepi ya mtoto ili upitishwe langoni, na akanyamaza, kwa sababu hakuajiriwa kupekua nepi.

"Nesi," alisema Mbogo akivuta boksi akae karibu, filimbi yake ikining'inia kifuani. "Wewe umesomea watoto. Ukiangalia mtoto unaweza kujua ana miezi ngapi?"

"Inategemea."

"Isitegemee. Iko mwanamke hapa, Wambeti, yule wa kutoka Kiritiri, tulimleta ndani ya kijiji mwezi jana tu. Bwana yake ni Njura."

Njura alijulikana hata mjini. Aliingia msituni kupigana na serikali Januari ya mwaka uliopita na hakuonekana tena.

"Huyu mama anasema mtoto wake alizaliwa Agosti, ati ana miezi tisa," Mbogo aliendelea. "Uongo mtupu! Wangu ana miezi saba na anatambaa mpaka anakula mchanga. Huyo wake hata shingo hana. Huyo ni wa miezi mine. Sasa piga hesabu, nesi. Kama ni wa miezi mine, mimba iliingia Aprili. Na Njura alikuwa msituni tangu Januari. Alituma mimba kwa barua?"

Akacheka peke yake.

"Aliyemzalisha ni nani? Muulizeni huyo," Mashavu alisema.

"Ati ni Ciakuthii, na huyo tulimpeleka kizuizini Desemba. Wengine wote wanasema hawajui. Walikuwa wanakaa mbalimbali huko mashambani, si kama sasa. Wewe andika tu miezi, weka sahihi. Bwana DO wa wilaya anataka karatasi ya hospitali leo. Halafu huyu mama atatuambia vizuri Njura anapitia wapi."

Atatuambia vizuri. Mashavu aliyajua maneno hayo. Nyuma ya nyumba ya homgadi, wale askari wa serikali wa pale kijijini, kulikuwa na kibanda cha kuulizia maswali, na Jumanne mbili zilizopita alimfunga bandeji mwanamke aliyetoka humo akiwa hawezi kukanyaga chini. Mwenyewe alisema ameanguka. Loo, ameanguka kwa nyayo zote mbili! Mashavu alikisogeza kikombe pembeni. "Niitie huyo mama," akasema. "Nawe ungoje nje. Hapa ni pa akina mama."

Wambeti aliingia na mtoto mgongoni, mwanamke mwembamba wa miaka ishirini na kitu, matope ya kazi ya handaki yamemkaukia miguuni. Hakusalimu. Aliitazama mizani, akaitazama karatasi mezani, kisha akamtazama Mashavu, na macho yalikuwa yaleyale kwa vyote vitatu.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Wamuyu."

"Ana miezi mingapi, mama Wamuyu?"

"Tisa."

Lilitoka upesi mno jibu hilo, kama la mtu aliyelala akilikariri. Unaongopa, Mashavu alisema moyoni. Haya, tuone.

Akamlaza mtoto kwenye mfuko wa maua akampima. Ratili kumi na tatu. Akamlaza mezani, akaupapasa utosi. Akamshika mikono miwili na kumvuta taratibu akae, na kichwa kikabaki nyuma, kikining'inia, wala hakikujaribu kufuata. Akamlaza kifudifudi. Mtoto alifukia pua kwenye kanga akakoroma pale pale, ikabidi ageuzwe upesi. Akapiga meza kwa kiganja, pa! Wamuyu akatupa mikono yote miwili hewani kwa mshtuko, vidole vimetawanyika, kisha akaikusanya kifuani akilia. Mashavu alijifunza mambo hayo Meru, kwa sista mmoja wa Kizungu asiyejua kusamehe kosa, na sista yule alikuwa akisema mshtuko huo unakwisha kabla mtoto hajaanza kukaa. Mtoto wa miezi tisa hatupi mikono hivyo. Mtoto wa miezi tisa anakunyang'anya kalamu.

Minne, basi. Ikizidi sana mitano. Mbogo amesema kweli, mjinga yule.

"Alipozaliwa alilia?" aliuliza, kwa sababu swali hilo lilikuwa kwenye karatasi.

Wambeti alimtazama mtoto. "Alikawia kulia. Nilikaa na uchungu siku mbili. Ciakuthii alimmwagia maji baridi, akampulizia puani, ndipo akalia kidogo. Nilifikiri amekufa."

Hadithi, Mashavu aliwaza. Unaongeza chumvi nikuonee huruma. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba huruma yenyewe ilikuwa imeshaingia bila kuombwa. Kupitia mlangoni aliona bega la Mbogo na mtutu wa bunduki yake, na nyuma ya bega lile kona ya kibanda. Aliona pia kikombe cha chai, juu kumeganda utando. Kwa hiyo ndiyo bei yangu, alijiambia. Chai kikombe kimoja.

Akachukua kalamu akaandika: miezi tisa. Uongo, uandikwe. Mungu ataniuliza mimi, si yeye.

Sahihi bado. Maana uongo wa karatasi unataka kujengewa ukuta: bwana DO akileta daktari mwingine, atauliza, nesi uliona nini hata ukasema tisa? Akarudi kwa mtoto amtafutie ushahidi. Akatia kidole kinywani, akaumwa. Meno mawili ya chini, makali. Vizuri, ingawa wako watoto wanaoota meno mapema, hayo peke yake hayatoshi. Akamvua nepi. Hapo ndipo alipokiona kitambaa, kipande cha kaniki kilichofungwa kwa fundo kali kuzunguka paja la kulia.

"Hiki nini?"

"Hakuna kitu." Mkono wa Wambeti ulikuwa umeshafunika paja.

Mashavu akatazama mlangoni. Barua! Barua ya msituni, mama yangu wee, kwenye meza yangu, na yule mwanaharamu yuko mlangoni na huwapekua wote wakitoka!

"Kifungue," alinong'ona.

"Sifungui."

"Mama Wamuyu, kikikutwa na Mbogo tumekwisha, wewe na mimi na mtoto. Kifungue!"

"Wewe ni wao!" Wambeti naye alinong'ona. "Ni nyinyi mlimtia alama! Wengine walichanjwa mkononi. Wangu pajani! Watu wanasema hiyo ni alama ya watoto wa msituni, siku ikifika wajulikane wakusanywe. Ndiyo maana nafunga. Unadhani mimi sijui?"

Vidole vya Mashavu vilikuwa vimeshalegeza fundo, na chini ya kaniki hapakuwa na barua wala nini. Palikuwa na kovu la chanjo ya ndui, la mviringo, dogo, limekwisha kupauka.

Akaketi kwenye kile kiti cha Mbogo.

Kovu lile lilikuwa kazi ya mkono wake. Septemba ya mwaka uliopita ndui ilizuka Mbeere, wakaamriwa kuchanja mpaka vichanga, na sista wa hospitali alikuwa mgonjwa, kwa hiyo huku juu alikuja yeye peke yake, sokoni, siku moja tu. Watu wote aliwachanja mkononi. Lakini vitoto vya kike alivichanja pajani, kwa fikira zake mwenyewe za Kimajengo, kwamba msichana atavaa nguo nzuri siku ya arusi yake na kovu mkononi litamharibia. Hakuna mchanjaji mwingine aliyefanya hivyo, sista alipojua alimgombeza sana. Na tangu siku ile dawa ilikwisha, haijaletwa tena.

"Alipelekwa na nani?"

"Ciakuthii. Mimi nilikuwa bado nimelala, siwezi kutembea. Alikuwa na wiki tatu."

Kwa hiyo ni tisa. Ni tisa kweli.

Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha, kwa nini aifiche? Aliruka kutoka kitini akamwita Mbogo kwa sauti ya mtu anayedai haki. "Njoo uone! Hii chanjo unaikumbuka? Nani alikuwa akipanga foleni siku ile na filimbi? Nani alinicheka kwamba nachanja wasichana kama kuku, miguuni?"

Mbogo aliinama, akalitazama kovu muda mrefu. Alikumbuka. Uso wake ulisema anakumbuka kabla mdomo haujapata la kusema.

"Mtoto aliyechanjwa Septemba hawezi kuzaliwa Januari," Mashavu alisema. "Na bwana DO akitaka, nitakuja kumwambia mwenyewe."

Mbogo alisimama wima. Akamwangalia Wambeti kwa chuki, halafu akamwangalia mtoto, na safari hii hakuwa akitafuta hila, alikuwa baba wa mtoto wa miezi saba anayeshangaa.

"Sasa kama ni tisa," akasema, "mbona hana shingo?"

Mashavu hakujibu.

"Leta hiyo karatasi ukimaliza," Mbogo alisema, akatoka kuwafokea wanawake wa foleni.

Mashavu alijipa kazi ya kumvika mtoto nepi. Vingumi vya Wamuyu vilikuwa vimekaza, gumba limefungiwa ndani, na miguu ilipofunguliwa ilirudi ikapishana kama mkasi. Yote hayo aliyaona mwanzo akayapita, kwa kuwa alikuwa akitafuta mwongo.

"Mjibu," Wambeti alisema.

"Ameshatoka."

"Nijibu mimi, basi. Mbona hana shingo?"

Sasa hiyo ilikuwa sauti ya mtu aliyemwamini, ya kwanza kuisikia Mashavu katika kijiji kile, na aliichukia. Alimwambia. Alimwambia polepole, kwamba siku zile mbili za uchungu, na kule kuchelewa kulia, ubongo ulikosa hewa. Kwamba mtoto anaona, anasikia, anamjua mama yake. Kwamba shingo huenda ikaja kwa kuchelewa sana, na kukaa pengine, na kutembea asimdanganye, hajui. Kwamba amlete kila Jumanne amwonyeshe namna ya kumbeba na kumlisha.

Wambeti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyosha kidole chenye tope akagusa karatasi, palipoandikwa.

"Hapa umeandika tisa?"

"Tisa. Umepona, mama Wamuyu. Hawana neno juu yako."

"Futa. Andika minne."

"Unasema nini wewe?"

"Minne. Mtoto wa miezi minne hana shingo na hana kosa. Atakaa wakati wake ukifika. Andika minne, nesi."

"Watakupeleka kibandani!"

"Wanipeleke. Nitatoka." Alikuwa akilia sasa, bila kupandisha sauti, machozi yanadondoka kwenye mfuko wa maua. "Wewe ulikuwa tayari kuandika uongo. Nilikuona, uliandika kabla hujafungua kitambaa. Basi niandikie huu."

Mashavu alitia sahihi haraka chini ya ile tisa, akaukausha wino kwa pumzi. Akaipeleka karatasi mlangoni mwenyewe. Aliporudi alimkuta Wambeti ameshampachika mtoto mgongoni na kumfunga kanga juu, mpaka masikioni, kichwa kisiyumbe.

"Jumanne ijayo," Mashavu alisema.

Wambeti aliikaza kanga kifuani. Akatoka. Lakini hakwenda mbali, alisimama jua kali kando ya foleni ya mama wenzake, na Mashavu, akimpokea mtoto mwingine mezani, alimwona akikunjua vidole kimoja kimoja na midomo ikitaja miezi tangu Agosti. Alipofika kidole cha tisa alivifumba vyote, akaanza tena.