Meno Thelathini na Tisa

Lori likikupita mlimani unaweza kuvumilia. Lakini pikipiki ikikupita, imebeba kochi, na abiria amekalia hilo kochi na anakupungia mkono, hapo ujue mambo yameharibika.

"Amekaa vizuri kuliko sisi," nikamwambia Mzee Laban. "Tumuombe atuvute?"

Mzee Laban hakucheka. Nilikuwa nimekanyaga mafuta mpaka chini, gia ya pili, na Landkruza yetu inapanda mlima wa Maseno kama mgonjwa anayesindikizwa chooni. Nyuma tulipakia mahema matatu, viti mia moja na hamsini vya plastiki, jenereta na spika. Hiyo ndiyo kazi yetu. Kukiwa na matanga au harusi, kuanzia Kano mpaka Seme, sisi ndio tunaleta kivuli na mahali pa kukaa. Gari na mahema ni vya mzee. Mimi, Ooko, ni dereva, mpakiaji na mpiga muziki, mwaka wa sita huu.

Tulifika tumechelewa. Watu walikuwa juani, na mama mmoja mwenye khanga kichwani akamsogelea Mzee Laban.

"Baba, marehemu amefika kabla yenu. Na yeye hakuwa na haraka."

Mzee aliinamisha kichwa. Alishusha viti, na jioni akavihesabu kimoja kimoja kwa sauti, mara mbili, kama anavyofanya kila baada ya kazi. Mia moja na hamsini. Halafu tukiwa njiani kurudi Kisumu akasema, "Ooko, mimi nimechoka. Tukichelewa tena mara moja tu, nauza gari. Kuna mtu Obunga analitaka alikate vyuma."

Magoti ya mzee huyu yanalia kuliko bawaba za mlango, na akisema nauza, anauza. Mimi ningerudi kubeba saruji Nyalenda. Isitoshe, gari halikuwa hivi zamani. Mimi ndiye niliyemshawishi aweke matairi makubwa ili tusikwame kwenye matope ya Kano. Kweli hatukukwama tena. Ila tangu siku hiyo hatukupanda mlima wowote kwa heshima, na klachi tumeichoma mara mbili.

Jumatatu tulimpelekea Fundi Gurjit, mzee wa Kisumu aliyezeekea chini ya magari. Alilizunguka gari, akapima tairi kwa utepe, akachora duara mbili sakafuni kwa chaki.

"Tairi kubwa ni hatua ndefu," akasema. "Bwana Laban, wewe na magoti yako, nikuvishe miguu ya twiga, utapanda mlima?"

"Hata yangu tu hainipandishi."

"Basi. Difu yenu, ile gia inayogeuza magurudumu, ni nne nukta moja. Maana yake propela, ile fimbo ndefu ya chini, inazunguka mara nne na kidogo ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi hizi mnataka propela izunguke zaidi, injini ipate nafuu. Hesabu inaniambia nne nukta sita. Hiyo haipo madukani. Iko nne nukta tatu, na iko nne nukta nane nane. Mkichukua ya kwanza, lami itakuwa tamu, lakini kwa huu mzigo mlimani mtaendelea kulia. Mkichukua ya pili, mlima mtacheka, ila kwenye lami injini itapiga kelele na itakunywa mafuta."

Mzee Laban alifikiri kidogo. "Kelele nimezizoea, kijana huyu nakaa naye siku nzima. Nipe mlima."

"Sawa. Lakini sikieni. Gari ina difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Lazima zifanane. Watu wawili wamebeba jeneza, mmoja ana hatua ndefu, mwingine fupi. Itakuwaje?"

"Marehemu ataomba ashuke atembee mwenyewe," nikasema.

"Ooko," akasema Mzee Laban, kwa ile sauti yake ya kuzima redio.

Gurjit alinigeukia. "Wewe mwenye mdomo, ndiye utakwenda kutafuta. Usiamini namba iliyoandikwa na mtu. Fungua, pangusa, hesabu meno. Gia kubwa ya ndani iwe na meno thelathini na tisa, ndogo manane. Difu zote mbili."

Jumatano mchana nilikuwa kwenye yadi ya Ashok, anayeuza vipuri vya magari yaliyokwisha maisha. Nilikuwa nimetoka Kano, matanga ya siku mbili, mvua siku zote mbili, na mgongo wangu ulikuwa umegoma. Difu ya nyuma niliipangusa kwa mafuta ya taa, nikahesabu. Thelathini na tisa. Manane. Safi. Ya mbele ilikuwa imelaliwa na giaboksi tatu, grisi imeganda juu yake kama uji wa jana, na mtu alishaandika kwa chaki ubavuni: 4.88.

"Hesabu, bwana," akasema Ashok bila kuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Hiyo chaki sikuandika mimi, niliikuta nayo."

"Ashok, hapa nilipo hata wewe nakuona ni nne nukta nane nane."

Alicheka. Nikacheka. Tukapakia.

"Umehesabu zote?" Gurjit aliniuliza.

"Zote, Mzee." Lilinitoka kirahisi kama salamu.

Ijumaa gari likawa tayari. Jumamosi asubuhi tukaondoka kwenda mazishi ya mzee mmoja kule Seme, karibu na ziwa. Injini ilipiga kelele kweli kwenye lami. Lakini mlima wa Maseno tuliupanda kwa gia ya tatu, mzigo wote mgongoni, tukaipita pikipiki yenye magodoro, na safari hii mimi ndiye niliyepunga mkono. Mzee Laban alikuwa amelala. Sijawahi kumwona akilala ndani ya gari lile. Alipoamka akauliza, "Mlima bado?"

"Tumeuacha nyuma, Mzee."

Aligeuka akatazama, kisha akajipangusa mdomo. "Basi tutaendelea kidogo," akasema, na nilijua hazungumzii barabara.

Tuliteremka kuelekea ziwani. Mita mia tatu hivi kabla ya boma la wenyewe, njia ikageuka udongo mweusi uliolala na maji. Mzee alishuka, akainama huku ameshika goti, akafunga habu za magurudumu ya mbele ili nayo yavute. Nikaingiza magurudumu yote manne.

Usukani ulianza kupigana na mikono yangu. Gari lilirukaruka, mbele wanaharakisha, nyuma wanasita. Wale wabeba jeneza wa Gurjit. Nilijua wakati ule ule, na sikusimama, kwa sababu ningesimama ningeulizwa kwa nini. Matope yalituvumilia kwa kuwa yanateleza. Tulipopanda kwenye mawe ya kalavati, tukasikia mlio mmoja, kama sufuria kubwa imeangushwa. Difu ya mbele ilikuwa imekwisha.

Watu walitoka bomani bila kuitwa. Akina mama walibeba viti sita sita kichwani, vijana wakachukua mahema, jenereta ikabebwa kwa mti. Tulichelewa saa nzima.

Kazi ilipotulia nilimkuta Mzee Laban kando ya gari, amekaa kwenye kiti chetu kimoja, matope mpaka magotini.

"Jumatatu nampigia yule wa Obunga," akasema. "Gari limezeeka, na mimi nimezeeka. Si kosa la mtu."

Ningenyamaza, ningekuwa salama. Gari lingekatwa vyuma na siri yangu ndani yake.

"Mzee, gari ni zima. Ya mbele sikuihesabu. Nilihesabu ya nyuma, ya mbele nikaamini chaki. Halafu nikamdanganya Gurjit."

Alivua kiatu, akakigonga kwenye tairi, tope likaanguka. Akakivaa tena polepole.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Mimi umewahi kuniona sijachoka?" aliuliza, hata hakupaza sauti. "Na viti ninavihesabu mara ngapi?"

"Mara mbili."

Jioni alivihesabu viti, mara mbili, na kimoja kilikuwa kimevunjika.

Jumatatu hakumpigia mtu wa Obunga. Alibeba kiti cha plastiki mpaka kwenye yadi ya Ashok, akakaa mbele ya difu nyingine ya mbele, akanipa kitambaa na kopo la mafuta ya taa. Nilipangusa kila jino. Nilihesabu kwa sauti, Ashok naye akaacha chai yake kusikiliza.

"...thelathini na nane, thelathini na tisa."

Mzee Laban alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

"Rudia," akasema.