Mzee Lawama Akabidhiwa Chombo

Fundi viti alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililochanika tumbo, misumari ameibana mdomoni, pale aliposikia wimbo ambao masikio yake yalikuwa hayajausikia tangu mkewe alipokuwa hai. Akaitema misumari kiganjani.

"Shemeji! Umewasha nini hapo?"

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, ndiye aliyekuwa mwenye kibanda. Ukikiita kibanda unakionea. Kilikuwa chumba kirefu, TV zimepangwa ukutani, makochi mbele yake, na pedi za kuchezea gemu zimefungwa minyororo kama mbuzi wa mtu asiyeamini majirani. Watoto wakitoka shule hujaa humo kulipia kucheza. Wakishinda wanayarukia makochi, wakishindwa wanayapiga ngumi, na kochi halijui kutofautisha furaha na hasira, linachanika tu. Ndiyo maana fundi aliitwa. Asubuhi kibanda huwa kitupu, na shemeji huutumia utupu huo kujaribu gemu mpya, halafu anasema alikuwa kazini.

"Msafara wa Zohali," akajibu bila kugeuka. "Ile ile ya kwenye TV. Wameitolea gemu. Nilijua ukisikia wimbo tu utatupa nyundo."

"Sijatupa nyundo. Nimeiweka."

Mtaani walimwita Mzee Lawama, naye akaitika, kwa sababu alisema jina lenye ukweli ndani yake halina tusi. Mvua isiponyesha, ni wakubwa. Ikinyesha sana, ni wakubwa, kwa kuwa mitaro waliichimba kwenye makaratasi. Sponji ikipanda bei, wakubwa. Msumari ukipinda, huyo aliyeruhusu misumari mibovu iingie nchini ni nani kama si mkubwa? Na ukweli usemwe, mara nyingi hakukosea.

Lakini kesi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya Msafara wa Zohali.

Ilikuwa tamthilia ya watu walioihama dunia iliyochakaa, wakaenda kutafuta makazi kwenye sayari ya Zohali ndani ya chombo kirefu kama treni, behewa nyuma ya behewa. Fundi na mkewe hawakukosa hata wiki moja. Sahani zilibaki bila kuoshwa, wageni waliofika wakati huo walisalimiwa kwa kidole tu. Halafu siku moja moto ukazuka behewa la nyuma kabisa, walikokaa mafundi mitambo na wapishi. Jemadari, mama mmoja mrefu asiyecheka, akaufunga mlango wa chuma, akalikata behewa, chombo kikaendelea na safari. Behewa likabaki gizani na watu wake. Picha ikaganda hapo: itaendelea wiki ijayo.

Wiki hiyo ilipofika wakaweka hotuba. Na iliyofuata, hotuba. Wakubwa wa kituo hawakusema samahani wala kwaheri.

"Atarudi kuwachukua," mkewe alisema siku ile ile. "Ule uso si wa mtu anayeondoka."

"Mkubwa akishafunga mlango harudi," fundi akajibu.

Wakabishana miaka. Walibishana wakikunja nguo, walibishana njiani kwenda msibani, na mara moja walibishana katikati ya ugomvi mwingine kabisa. Mkewe alipolazwa hospitali, mashine ya vipimo ikiwa mbovu na dirisha la kuulizia likifungwa usoni pa fundi kila siku kwa maneno "njoo kesho", alimshika mumewe mkono akamwambia, "Punguza hasira, baba. Na yule Jemadari atarudi, we ngoja tu." Akafa hajaona. Fundi akabaki na swali ambalo hakuna kituo kilichokuwa na haya ya kumjibu.

"Mwisho umo humo?" aliuliza sasa, akiielekea TV huku akijifuta gundi vidoleni.

"Wanasema umo. Mimi sijafika, nafia njiani kila siku."

"Basi ruka hayo mengine, unionyeshe."

"Hauonyeshwi, shemeji. Unafikiwa. Kaa hapa, siyo hapo, hapo bado hujapashona."

Akakaa. Akapewa pedi, akaishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Mimi nipe yule fundi mitambo wa nyuma, mwenye kovu."

"Haiko hivyo. Humu unakuwa Jemadari."

"Mimi?"

"Wewe."

"Sitaki uongozi."

"Shemeji, tangu unamposa dada yangu unasema ungekuwa wewe ungefanya hivi, ungekuwa wewe ungefanya vile. Haya. Wamekusikia."

Fundi akacheka kidogo, kile kicheko cha puani, akakiwasha chombo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kugawa maji na hewa. Hapo hakufikiri mara mbili. Alifungua mabomba yote, behewa la mbele na la nyuma, kila mtu apate, mtu asimwambie mtu njoo kesho. "Unaona?" akamwambia shemeji. "Rahisi. Shida yao roho mbaya tu." Hakuwa amemaliza kusema, hewa ikaisha, chombo chote kikalala, na maandishi yakatokea: Msafara umeangamia.

"Roho nzuri hiyo," shemeji akasema. "Imeua watu wote kwa usawa."

Akaanza upya. Safari hii alipima, akafunga hapa, akafungua pale. Ndipo yalipoanza kutokea juu ya vichwa vya abiria maandishi mekundu, maana gemu ile ilikuwa imetengenezwa ili watu wa ndani waseme wanayofikiri kuhusu kiongozi wao. Maji ni machache. Jemadari anajipendelea. Waliotangulia walikuwa afadhali.

"Nani kaandika hivi?" fundi akauliza, ameinuka nusu.

"Wananchi wako."

"Mimi najipendelea? Hata behewa la kulala sina! Nimesimama tu hapa mbele tangu asubuhi!"

"Waambie."

Na akawaambia. Aliielekea TV, akaanza kuwaeleza hesabu ya maji kwa sauti ya upole, kwamba wavumilie kidogo, kwamba hali ni ngumu lakini mipango ipo. Shemeji aliziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Fundi alipoisikia sauti yake mwenyewe ikisema "mipango ipo", alinyamaza ghafla kama aliyemeza msumari.

"Juu yangu mimi kuna nani?" akauliza.

"Hakuna."

"Hata ofisi? Hata mtu wa kumpigia simu?"

"Hakuna, shemeji. Wa kulaumiwa upo wewe tu."

Hilo lilimnyima raha. Lakini swali la mkewe lilikuwa mbele, wala halikuwa mbali, basi akaendelea. Akajifunza kukwepa mawe ya angani. Akajifunza kwamba kumwuliza kila abiria maoni yake kabla ya kukata kona ni jambo zuri lakini jiwe halisubiri kikao. Alikufa, akaamka, akafa. Kochi lililochanika lilibaki limelala chali na utumbo wake nje.

Mwishowe moto ukazuka behewa la nyuma.

Alilijua tukio lile kama anavyojua nyufa za dari yake. Moshi, taa zikizimika moja moja, wapishi wakikimbia na ndoo. Katikati ya TV ukatokea mlango wa chuma na swali: uufunge, au uuache?

"Uache," fundi akasema, akabonyeza.

Moto ukapita mlangoni, ukala behewa la pili, ukala la tatu, ukafika mbele. Msafara umeangamia.

"Funga, shemeji."

"Sifungi."

Akarudia. Akauacha wazi. Wakaungua wote. Akarudia tena, safari hii akatangulia kutuma maji nyuma, wakaungua wakiwa wamelowa.

"Lakini unaona hamna njia nyingine!"

"Hiyo ndiyo lugha yao. 'Hamna njia nyingine.' Mtu akishaniambia hivyo najua tayari yeye yuko upande wenye hewa." Akaibwaga pedi, mnyororo ukalia. "Waliotengeneza gemu hii ni wale wale. Wanataka nikifunga huu mlango niwaonee huruma wakubwa."

Akarudi kwenye kochi lake. Akavuta kitambaa kwa nguvu mpaka mbao ikalia, akagonga misumari kwa hasira, na msumari wa hasira haukai: ulipinda. Shemeji alikaa amekunja mikono, akautazama ule mlango uliokuwa ukisubiri.

"Basi niizime?" akauliza baada ya muda.

Nyundo ikasimama hewani. Fundi aliwaza jinsi atakavyorudi nyumbani, afungue mlango, aone kile kiti alichokuwa akikaa mkewe, na kiti kimwulize: ehe, alirudi? Naye ajibu nini? Kwamba alifika mpaka mlangoni akasusa?

"Usizime," akasema. "Umeme wenyewe unajua njia ya kuzimika."

Akakaa tena. Pedi ilikuwa na jasho, au mikono. Moto ukazuka, mlango ukaja, swali likaja. Akaisogelea TV mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Jamani," akawaambia watu wa behewa la nyuma, na safari hii shemeji hakucheka. "Nafunga. Lakini nakuja. Mmenisikia? Nakuja."

Akabonyeza huku amefumba macho.

Alipofumbua, behewa lilikuwa limekatika, linaelea nyuma, dogo, na taa moja inapepesa. Chombo kilikuwa kizima. Mbele ikatokea Zohali na duara lake, kubwa, ya dhahabu, na abiria wote wakaanza kushangilia. Maandishi mekundu yote yakafutika. Hakuna aliyelalamika. Jemadari wetu oyee, yakaandikwa juu ya vichwa vyao.

Fundi akasubiri. Akaitazama sura ya Jemadari mbele ya usukani, ameganda. Akasubiri tena.

"Mbona hasemi?"

"Nani?"

"Jemadari. Anarudi au harudi? Si ndiyo mwisho huu? Niambieni basi!"

Shemeji akamgeukia taratibu, kama unavyomgeukia mtu anayetafuta kofia iliyo kichwani pake.

"Shemeji. Jemadari ni wewe."

Fundi akaiangalia pedi. Akaiangalia Zohali, imekaa pale mbele kama shahada. Kisha akausukuma usukani pembeni, ukaenda, ukaenda, na chombo kile kirefu kikaanza kujikunja, behewa baada ya behewa, kama nyoka aliyekumbuka kitu nyumbani.

Mekundu yakarudi yote, na ndugu zake. Anatupeleka wapi? Tumeshafika! Jemadari amerukwa na akili. Hewa inapungua! Aondoke!

"Nyamazeni!" fundi akafoka. "Hamjui kitu! Mmekaa tu humo kazi kulaumu!"

Shemeji alianguka kochini, na bahati mbaya ni lile la springi zilizotokeza. Akapiga kelele, akacheka, akapiga kelele. "Haya! Sasa umekuwa mkubwa kamili! Bado kitambi tu!"

Fundi hakumsikia. Alikuwa ameona ile taa inayopepesa. Akakisogeza chombo, kikagonga, akakirudisha, kikagonga, mara ya tatu kikashika. Mlango ukafunguka. Wakatoka wapishi, wakatoka mafundi mitambo, weusi kwa masizi, wamevaa barakoa za hewa ambazo kumbe walikuwa nazo muda wote na hakuna aliyemwambia. Wa mwisho akatoka yule mwenye kovu. Juu ya kichwa chake kukatokea maandishi mekundu: Umechelewa.

"Ana haki," fundi akasema. Akaegemea nyuma. Pumzi ilimtoka ndefu. "Huyo ana haki kabisa."

Majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda kwenye TV na ule wimbo wa zamani.

"Kwa hiyo dada kashinda," shemeji akasema.

"Kashinda wapi? Yule wa kwenye TV hatujui kama alirudi. Aliyerudi ni mimi."

"Dada alisemaje? Jemadari atarudi. Haya, Jemadari nani?"

Fundi akatazama dari, akatazama majina yale yanayopanda, akitafuta hata mmoja wa kumbebesha.

"Hawa watu," akasema mwishowe, "wamekula njama na dada yako."

"Wamekula."

"Kabla hajafa. Haiwezekani." Akajifuta uso kwa mkono wenye gundi, akaacha alama shavuni. "Unajua angenisimanga mwaka mzima? Ningekuwa nakula, anasema, ehe, Jemadari, chumvi imetosha? Nikilala, anasema, Jemadari, mlango umefunga?"

"Mwaka ungekuwa mdogo."

"Mdogo," fundi akakubali.

Shemeji akamwachia muda wa kukohoa. Kisha akavuta kigoda, akakaa mkabala naye, akarekebisha mtandio kama dada yake alivyokuwa akifanya kabla ya kuanza jambo.

"Usijali," akasema. "Nitamshikia zamu. Ehe, Jemadari. Hao watu wako umewaunguza mara ngapi kabla hujakubali kosa?"

"Halikuwa kosa. Ulikuwa msimamo."

"Waambie wao hivyo."

"Nakuambia wewe kwanza," fundi akasema, akajiweka sawa kwenye kochi, tayari kwa ubishi.