Ukuta Ulioota Uwele

Ukuta ulipoota majani, kila mtu alinitazama mimi. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyembandika beberu wa jirani kioo kwenye paji la uso, mabeberu wenzake wakagombana naye kutwa nzima. Na mimi ndiye niliyewahi kurudishwa nyumbani kutoka bweni kule mjini Bhuj kwa jambo lililohusu kengele ya shule, ambalo sitalieleza hapa kwa kuwa halijathibitishwa.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa ndani, katika msonge mpya wa kaka yangu Sajan. Alikuwa anaoa siku ya kuzaliwa mungu Krishna, kama vijana wote wa Kirabari, kabila letu la wafugaji ngamia, na wanawake wa nyumbani walikuwa wameukandika kwa udongo, samadi ya ngamia na makapi ya uwele, ili usipasuke. Juu yake wakafinyanga tausi na ngamia, wakawapachika vioo. Lakini udongo ulikandwa na Bibi Valu, mama yake baba. Hakuna ukuta kijijini kwetu uliosimama bila udongo wa mikono yake. Hupepeta uwele mwenyewe, hubakiza makapi mwenyewe, hufunga gunia kwa fundo ambalo hakuna mwingine awezaye kulifunga. Wanawake humletea ugomvi wao akiwa anakanda, naye huamua bila kuinua kichwa. Anayeshika karai la udongo ndiye anayeshika nyumba.

Mvua ikanyesha, hewa ikawa nzito. Asubuhi ambayo mkwe wetu Lachhu, mama wa bibi harusi, alikuja kuukagua ukuta, tausi walikuwa wameota ndevu. Majani membamba, ya kijani kilichopauka, yalikuwa yamejaa kila mahali. Yalikuwa yamevisukuma vioo, na vingine vilikuwa vimeangukia mablanketi ya harusi.

Mkwe Lachhu alitazama kwa utulivu sana.

"Jamani, binti yangu anakuja kuolewa au kupalilia?"

"Mkwe, ni utani wa huyu," alisema Shangazi Jivi, na kidole chake kilinipata bila kunitafuta. "Hamir, umetia uwele kwenye udongo wa bibi yako?"

"Mimi? Shangazi, mimi mtoto wa watu."

"Watu gani? Tuambie tuwarudishie."

Wakacheka, hata mkwe. Bibi Valu, aliyekuwa amekaa mlangoni, alicheka pia. "Mwacheni," alisema. "Atang'oa majani yote kwa meno yake, halafu atakula chakula cha mchana."

Hapo mambo yangekwisha. Ningeinamisha kichwa, ningepigwa makofi mawili ya mapenzi, mkwe angepewa chai. Lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa sina hatia, na sikuwahi kuionja ladha hiyo. Isitoshe, shuleni mimi ni msemaji mkuu wa klabu ya mdahalo. Nikasimama katikati ya msonge, mikono nyuma, kama mheshimiwa.

"Naapa kwa Mama Momai," nikasema, "sikutia hata punje moja. Na nitathibitisha."

Kwa mungu wetu huyo watu hawaapi ovyo. Kicheko kikakatika.

Nikaenda kuleta gunia la makapi yaliyobaki. "Fundo hili ni la nani?"

"La mama," alisema Shangazi Jivi.

"Limefunguliwa?"

"Halijafunguliwa."

Nikalikata kwa kisu, nikamimina makapi kwenye sinia. Punje zilikuwa tele, nzima, zinang'aa. Watu wakasogea. Nilikuwa nimeshinda, na mshindi mwenye busara hukaa chini. Mimi nikamgeukia shahidi wa mwisho.

"Bibi," nikasema kwa sauti ya mahakamani, nikamwekea sinia mbele yake. "Tuambie wewe mwenyewe. Hiki ni nini?"

Angeyagusa makapi angejua. Lakini alikuwa mbele ya mkwe, na mjukuu wake msomi anamhoji, akanyoosha mgongo kwa fahari, akalitazama sinia lile kwa macho yake tu.

"Makapi," alisema. "Masafi kabisa. Nimeyapepeta mwenyewe."

Mkwe Lachhu akajifanya anarekebisha shela lake. Bibi aliusikia ule ukimya, akatia mkono kwenye sinia, vidole vikasimama. Kisha akaanza kuzichagua punje, moja moja, kana kwamba bado zingeweza kurudishwa mahali.

Mchana huo Shangazi Jivi alilichukua karai. Alilichukua kama mtu anayemwondolea mgeni kikombe. Nilimfuata nyuma ya zizi.

"Shangazi, ni mimi. Nilifungua gunia, nikalifunga tena."

"Uliapa, Hamir."

"Niliapa uongo."

"Usimwongezee Mama Momai kesi." Akafuta mkono kwenye sketi. "Na lile fundo huliwezi. Wewe mwenyewe ulituthibitishia hilo, tena vizuri sana."

Nilimkuta Bibi peke yake, anatenganisha vioo vilivyoanguka, anapitisha kidole gumba kwenye kingo.

"Ungenyamaza tu," alisema. "Wote walishaamini ni wewe. Mimi nilikuwa nimeshakusamehe."

"Ulijua, Bibi?"

"Kuhusu macho? Tangu majira ya baridi. Nilidhani mikono itatosha hadi Sajan aoe."

Nina majibu ya kila kitu. Safari hii nikachuchumaa, nikaanza kumwokotea vioo.

Ukuta ukabomolewa, ukakandikwa upya, na udongo wa Shangazi Jivi haukuota kitu. Siku ya harusi mkwe Lachhu aliwasimulia wageni wote habari za mwanasheria wetu mdogo. Akanipa kipande kikubwa cha sukari guru, watu wakanipigia makofi. Sikuweza kukila. Nikampelekea Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba pamoja na wazee ambao hakuna anayewauliza kitu.

"Bibi, nimekuletea."

Zamani angesema mara moja ni nini, na kama kimetoka duka zuri au la. Sasa alinyoosha kiganja, akasubiri.

"Lete kwanza nikishike," alisema.