Kona ya Samawati

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Jicho, tangu mwaka ule alipokataa trei nzima ya chipu mbele ya wageni wa kampuni mnunuzi. Wageni walizipeleka kwenye mashine ya miale, na mashine ikaonyesha kwamba kweli zilikuwa na ufa, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, ufa ambao yeye aliuona kwa hadubini ya kawaida. Jina likamganda. Msimamizi wa zamu aliwahi hata kumwandikia barua ya likizo, "Kwa Bi Jicho", akacheka peke yake, akaichana na kuandika upya.

Walikuwa wanawake kumi na saba mstari mmoja, katika chumba cheupe chenye baridi, wamefunikwa kofia na barakoa mpaka yakabaki macho matupu. Chipu ziliwafikia zikiwa zimeshavikwa gamba lake jeusi, kila moja ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, tayari kwenda kutiwa kwenye simu. Nzuri kulia, mbovu kushoto. Jicho aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kiti cha pili kutoka kwake alikaa mdogo wake, wa tumbo moja. Jicho ndiye aliyemwombea kazi, akamfundisha kupumua taratibu ili lenzi isishike ukungu, na kuyapumzisha macho kwa kuutazama ukuta wa mbali badala ya kuyafikicha.

Kisha wakaja watu wa kampuni changa, watatu, na kompyuta zao. Walikuwa wanatengeneza akili bandia ya kukagua chipu kwa kamera. Mkuu wao alikuwa binti mpole, msikivu, ambaye kila mtu alimwita Injinia.

"Mama, hatujaja kuchukua kazi ya mtu," alimwambia Jicho siku ya kwanza. "Mashine itawapumzisha macho tu. Lakini lazima kwanza ifundishwe na mtu anayejua. Wote hapa wamekutaja wewe."

Akapewa chumba chake, meza, kioo kikubwa na vitufe viwili. Picha ya chipu inatokea, anabonyeza nzuri au mbovu, inakuja nyingine. Mchana wakati wa kula mdogo wake alimwambia mbele ya wote, "Dada, unamfundisha mtu anayekuja kukaa kwenye kiti chako."

"Mashine haina makalio," Jicho akajibu. "Itakaa na nini?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mdogo wake aliendelea kula.

Na kusema kweli, Jicho aliipenda ile kazi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumuuliza anaonaje. Walimuuliza ni ngapi amemaliza, basi. Huyu binti alivuta kiti karibu, akauliza, "Hapa umeona nini, Mama?" na akiambiwa aliandika. Jicho akajikuta anaeleza mambo ambayo hakujua kwamba anayajua: kwamba gamba zuri linameta kama mbegu ya tikiti iliyolowa, kwamba ufa wa baridi na ufa wa kugongwa haziendi upande mmoja. Jioni alirudi nyumbani kichwa juu kama mtu aliyetoka kutoa hotuba.

Mwezi wa tano ndipo ilipojitokeza kona ya samawati. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha utomvu unaomiminwa ukaganda kuwa gamba, kikaleta wa bei nafuu. Chipu ukiitazama wima, haina kasoro. Ukiulaza mwanga, kona moja inatoa samawati hafifu, kama michirizi ya petroli juu ya maji. Jicho alijua maana yake. Gamba hapo halijashika. Leo chipu itafanya kazi, na kesho pia, lakini joto na unyevu vitajipenyeza kidogo kidogo, na baada ya miezi itakufa. Akabonyeza mbovu. Siku nyingine alikataa picha mbili katika kila tano. Kule mstarini mdogo wake naye alikuwa anazikataa, akapewa barua ya onyo kwa "kuchelewesha uzalishaji bila sababu".

Meneja akaja mwenyewe, akafunga mlango. Injinia alikuwa ameenda kupokea simu.

"Mama, unatuua."

"Si mimi, bosi. Ni utomvu."

"Utomvu umepitishwa na wakubwa. Simu zinasubiri chipu, mnunuzi anapiga kila saa. Hii mashine ikijifunza kukataa hivi, tufunge kiwanda." Akakaa ukingoni mwa meza, sauti ikalainika. "Mstari utapunguzwa, hilo unalijua. Nitabakiza watu wawili. Wewe ni mmoja. Wa pili sijamwandika bado." Akavitazama vile vitufe viwili. "Mdogo wako ana watoto wangapi vile?"

"Watatu."

"Watatu," Meneja akarudia, akasimama, akatoka.

Jicho hakula siku ile. Aliufikiria mguu wa mtoto wa katikati wa mdogo wake, uliokuwa ukinyooshwa kwa vyuma hospitalini, na baba wa watoto hao aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta. Akajiambia kwamba simu ni simu tu, haiui mtu. Kesho yake ilipotokea kona ya samawati ya kwanza, akabonyeza nzuri. Kidole kilikuwa kizito kwa ile ya kwanza. Ya kumi kilikuwa kimezoea.

"Mama," Injinia akauliza, "hizi si zile za kona?"

"Nimezitazama tena. Ni mwanga tu."

Injinia akamwangalia kidogo, kisha akaandika: *ni mwanga tu*. Katika siku tisa zikapita zaidi ya elfu tatu.

Orodha ilipobandikwa ubaoni ilikuwa na jina moja la kubaki, lake. Jicho aliisoma mara mbili, akaigeuza hata karatasi nyuma, huenda wameandika huko. Alimkimbilia Meneja ofisini.

"Ilitoka makao makuu," Meneja akasema, anatafuta kitu kwenye droo. "Hata mimi nimeshangaa."

Kwenye chumba cha makabati wanawake walikuwa wanakunja makoti meupe kwa mara ya mwisho. Hakuna aliyemtukana. Walimpisha tu apite, kama anavyopishwa mtu aliyebeba chungu cha moto. Mdogo wake alilikunja lake vizuri, akaliweka juu ya benchi.

"Eti dada," akasema bila kuinua uso, "mashine imeshaota makalio?"

Jicho angeweza kumwambia palepale. Lakini angeanza wapi? Kwamba nilikununulia kiti, na muuzaji akanila?

Miezi kumi alikaa peke yake katika chumba kile, kamera ikikagua kwa dakika moja kazi ya wanawake kumi na saba kwa saa, yeye akithibitisha chache zilizoitatiza. Kwa mama yao, yeye na mdogo wake walipishana mlangoni, mmoja akitoka mwingine akiingia. Mama aligomba mpaka akachoka. "Mmenyonya ziwa moja," alisema, "lakini naona kila mmoja alinyonya maziwa yake."

Kisha simu zikaanza kufa. Mtu anaongea, simu inapata moto sikioni, inazima, haiwaki tena. Kwanza mamia, halafu maelfu. Kampuni mnunuzi ikatuma wakaguzi, wakapasua chipu zilizokufa, wakakuta gamba limeinuka kwenye kona.

Jicho aliitwa kwenye kikao. Ukutani walikuwa wamewasha orodha ndefu: kila picha aliyofundishia, saa, namba yake ya kazi, na jibu lake. Nzuri. Nzuri. Nzuri. Mkaguzi mmoja aliivuta orodha chini kwa kidole na ikaendelea kushuka, haina mwisho.

"Mashine haikukosea," alisema Injinia. Alikuwa amekonda. "Imefanya kama ilivyofundishwa."

"Tulimwamini mno," Meneja akasema kwa huzuni, kama anayesoma risala ya msiba.

"Bosi, sema kweli," Jicho akasema. "Hukuja chumbani kwangu?"

"Nilikuja mara nyingi, Mama. Kukupongeza."

Jicho akamgeukia Injinia. "Wewe uliona zimebadilika. Uliniuliza."

"Nilikuuliza, Mama. Ukaniambia ni mwanga tu." Macho yake yalikuwa mezani. "Nimeiandika."

Hapakuwa na uongo hata chembe katika maneno hayo, na hayo ndiyo yaliyomchoma kuliko ya Meneja. Akapewa wiki moja ajitetee.

Alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Mdogo wake siku hizi alipiga pasi kwa dobi, kibanda chenye mvuke na nguo za watu zimening'inia kila upande. Jicho alisimama kati ya mashati.

"Ile barua ya onyo," akasema. "Ya kukataa zile za kona. Unayo?"

"Hata salamu hakuna?"

"Hujambo, mdogo wangu."

"Sijambo." Pasi ikapita juu ya kola, ikarudi. "Ninayo. Unaitakia nini?"

"Ina sahihi ya Meneja. Itaonyesha kwamba alijua, na alikuwa anatubana tuzipitishe."

"Mimi alinibana, sikuzipitisha. Wewe ulizipitisha kwa nini? Wewe, Jicho?"

Ndipo Jicho alipomweleza, yote: mlango uliofungwa, watu wawili, watoto wangapi vile. Alidhani akifika mwisho mdogo wake atalia, au atamshika mkono. Mdogo wake aliisimamisha pasi wima.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Simu za watu zimekufa kwa ajili yangu, wenzangu kumi na tano wako nyumbani kwa ajili yangu. Na mimi nimesimama hapa nachemka kama kiazi, kwa ajili yangu! Nilikutuma, dada? Ungeniuliza, ningekwambia bonyeza mbovu, tufukuzwe sote tukiwa na macho yetu."

"Na mguu wa mtoto?"

"Usimtaje mwanangu." Alisema polepole sana. Kisha akafuta mikono, akaingia nyuma, akarudi na bahasha. "Chukua. Sikupi kwa sababu nimekusamehe. Nakupa kwa sababu yule mwanamume ni mwongo."

Barua ilifanya kazi, lakini si ile aliyoitarajia Jicho. Meneja alihamishwa kwenda kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo, na watu walisema huko cheo chake ni kikubwa zaidi. Jicho aliachishwa kazi. Waliandika kwamba hata kama alishawishiwa, kidole kilichobonyeza ni chake. Makosa yalikuwa ya utomvu, ya bei, ya haraka, lakini orodha ile ndefu haikuwa na mahali pa kuandika mambo hayo. Ilikuwa na namba ya mfanyakazi.

Baada ya siku chache mama yao akamwambia, huku akichagua maneno kama anayechambua mchele, kwamba mdogo wake ameitwa kiwandani. Picha elfu tatu zinahitaji kujibiwa upya, na kwa kuwa barua ya onyo ilithibitisha kwamba aliziona kona tangu mwanzo, wamemtaka yeye. Mkataba wa wiki sita.

"Amekubali?" Jicho akauliza.

"Amekubali."

Wiki ya pili, alasiri, mdogo wake akabisha hodi. Alikataa kiti, akasimama karibu na mlango na mkoba begani.

"Kuna zinazonisumbua," akasema. "Kamera yao inatia samawati yake yenyewe pembeni. Nashindwa kutofautisha ya taa na ya gamba."

Jicho alimtazama. Alikuwa na maneno mengi, yamejipanga tangu kule kwa dobi, makali, yenye ncha. Akatoa moja tu.

"Ulisema ningekuuliza kwanza; mbona wewe hukuniuliza?"

"Mimi nina watoto, dada."

"Na mimi nilikuwa na wewe."

Jirani alikuwa anaburuta ndoo uani. Jicho alijua kwamba akinyamaza, au akijibu kinyume, mashine itajifunza vibaya mara ya pili, na safari hii namba kwenye orodha itakuwa ya mdogo wake. Wazo hilo lilimpitia, akaliona lote, na hakulifukuza haraka kama alivyopenda baadaye kuamini.

"Ya taa inafuata ukingo wote," akasema mwishowe. "Haikatiki. Ya gamba huanzia konani na kuishia kwa ncha, kama ulimi. Na ukikuza picha, ya gamba ina mistari ndani yake. Ya taa haina."

Mdogo wake aliandika kwenye kiganja, akasoma alichoandika, akaitikia kwa kichwa.

"Na ukiwa na shaka?" akauliza.

"Ukiwa na shaka ni mbovu."

Akafunga kalamu, akashukuru kama anavyoshukuriwa karani dirishani, akaondoka. Mkataba ulipoisha haukuongezwa hata siku moja. Mdogo wake akarudi kwa dobi, na chumba cheupe kikabaki na kamera peke yake, ikikataa kila kona ya samawati. Wanasema sasa haikosei kabisa.